Lobs reits: Latgale ilivyonirudisha kwenye maneno ya kwetu

Kosa langu la kwanza Latgale, eneo la mashariki mwa Latvia huko Ulaya, nililifanya mlangoni, hata viatu sijavua.

Tulitoka Riga, mji mkuu, usiku kwa gari la mjomba wake rafiki yangu, tukafika kijijini kwao, nje kidogo ya mji wa Rēzekne, jua ndiyo kwanza lachomoza. Nyanyake alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa kichwani, mikono ina unga. Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja Latvia, nasomea uhandisi wa majengo, na Kilatvia nilikuwa nimekikazania kuliko hata hesabu. Nikamwamkia kwa sauti kubwa: "Labrīt!" Asubuhi njema. Akanitazama, akatabasamu, akajibu: "Lobs reits."

Nilidhani ni uzee, au meno. Nikamgeukia rafiki yangu nikamnong'oneza: mbona nyanya yako asema Kilatvia kibovu?

Hakunijibu. Alichukua begi lake akaingia ndani. Siku nzima alinitafsiria maneno ya wazee kwa ufupi, kama mtu anayelipa deni, na jioni tulipokwenda kisimani kuchota maji ndipo aliposema. Alichokisema nyanyake si Kilatvia kibovu, ni Kilatgale. Na hilo neno "kibovu" yeye alilisikia mara ya kwanza siku alipohamia Riga akiwa na miaka 18, alipofungua kinywa mbele ya wenzake wa chuo. Aliniambia pia jina la kejeli wanaloitwa watu wa kwao, čangaļi, akalitamka polepole mara moja tu, nami sikumwuliza zaidi.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa aibu pekee. Neno lile nilikuwa nalijua. Mimi ni mtoto wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Nyumbani kwetu njia ni ndia, njaa ni ndaa, macho ni mato, na mtoto akiitwa huambiwa "ndoo hapa". Nikiwa darasa la tano niliandika katika insha "nilipokuwa ndiani". Daftari likarudi limepigwa wino mwekundu, na mwalimu akaisoma sentensi ile mbele ya darasa zima, watoto wakaangua kicheko. Baada ya hapo nikawa na vinywa viwili, cha shule na cha nyumbani, na kadiri miaka ilivyokwenda nikabaki na kimoja. Nilipomaliza sekondari nilikuwa napewa zawadi za Kiswahili. Nyanya yangu akaniambia, "Wewe sasa wasema kama redio." Nikadhani ananisifu.

Asubuhi ya pili nilimwomba rafiki yangu radhi, kisha nikaenda jikoni na daftari. Nyanyake alikuwa anamenya viazi. Riga kiazi ni kartupelis. Kwake viazi ni guļbys. Riga nyumbani ni mājas. Kwake ni sāta. Ahsante ya Riga ni paldies, yake ni paļdis. Maneno ya namna hii unayaokota moja moja. Lakini baada ya nusu saa nikaanza kuona kitu kingine. Labs, yaani -zuri, kwake huwa lobs. Rīts, asubuhi, huwa reits. Diena, siku, huwa dīna. Skola, shule, huwa skūla. Hakuna kilichopinda kwa bahati mbaya hapo. Ni kanuni, tena imenyooka kama ile ya kwetu: Kiunguja kinaposema nj, Kimvita twasema nd, kinaposema ch, twasema t. Mtu akishaishika kanuni, aweza kulibashiri neno kabla hajalisikia. Wana hata herufi y katika maandishi yao, ambayo Kilatvia cha vitabu hakina, kwa sababu kuna sauti wanayoitoa ambayo Riga hawaitoi. Nilijaribu kuitoa siku mbili. Nyanya alinishika kidevu kwa vidole vyenye maganda ya viazi, akanionyesha ulimi ukae wapi, nyuma, juu, midomo isikunjwe. Siku ya tatu akatikisa kichwa kukubali.

Swali langu likawa: nchi ndogo kama hii, watu wa asili moja, walitenganaje?

Jina lenyewe la Latvia lina mzizi mmoja na jina la Walatgale, kabila la kale lililokaa mashariki, kando ya mto Daugava. Walikuwa na ufalme, Jersika, chini ya mtawala aliyeitwa Visvaldis. Mwaka 1209 Askofu Albert wa Riga alikuja na jeshi lake akauteketeza mji. Wakafuata mashujaa wa Kijerumani wa vita vya msalaba, wakajenga ngome za mawe, na magofu yake yangalipo Ludza, Rēzekne, na juu ya Mākoņkalns, "kilima cha mawingu", karibu na ziwa Rāzna. Wenyeji husimulia kwamba bwana wa ngome ile ya kilimani alikuwa na mabinti watatu, Rozālija, Lūcija na Marija, na kila mmoja akajengewa ngome yake: Rēzekne, Ludza na Viļaka. Ni ngano, lakini nilipopanda kilima kile na kuona maziwa yamemwagika pande zote nilielewa kwa nini watu walitaka kuwe na mabinti.

Mkasi wenyewe ulipita mwaka 1629. Kwa mapatano ya Altmark, Uswidi ilichukua Riga na sehemu kubwa ya kaskazini, Latgale ikabaki upande wa Poland. Upande wa Uswidi watu wakashika Ulutheri, Latgale wakabaki Wakatoliki. Mwaka 1772, Poland ilipogawanywa kwa mara ya kwanza, Urusi ikaimeza Latgale, na baadaye ikaitia katika mkoa wa Vitebsk, mji ambao leo uko Belarus, ilhali Walatvia wengine walikuwa na mikoa yao kando, Kurzeme na Vidzeme. Hata utumwa wa mashamba haukuwatoka siku moja. Kurzeme wakulima waliachwa huru mwaka 1817, Vidzeme 1819, na Latgale wakangoja hadi 1861 pamoja na Warusi. Miaka arobaini na kitu. Mtoto wa upande mmoja alizaliwa huru, akaoa, akazaa, akapata wajukuu, na mwenziwe wa upande wa pili bado ni mali ya bwana shamba.

Halafu likaja jambo lililonikaa moyoni kuliko yote. Baada ya uasi wa Wapoland wa mwaka 1863, serikali ya mfalme wa Urusi ilipiga marufuku kuchapisha kwa herufi za Kilatini katika eneo hili. Marufuku ile ilidumu kuanzia 1865 hadi 1904. Kwa miaka ile, Walatvia wa Riga walikuwa wanachapisha magazeti na vitabu vyao, na Mlatgale haruhusiwi kuchapisha hata kitabu cha sala. Basi watu walinakili kwa mkono. Yuko mkulima mmoja anayekumbukwa sana, Andrivs Jūrdžs, aliyezaliwa 1845, ambaye aliandika na kunakili vitabu vizima kwa kalamu, vya dini, vya ngano, vya maarifa ya kilimo, vikasomwa na majirani. Mtu ametoka shambani, mgongo unamuuma, anaketi mbele ya taa na kuandika kurasa mia baada ya mia ili lugha ya mamake isikose karatasi. Mimi niliyekuwa na karatasi zote duniani nilikuwa nimeifuta yangu kwa sababu ya kicheko cha darasa moja.

Nyanya alikuwa na kitabu cha sala kilichotoka kwa nyanyake yeye. Anakiweka katika kitambaa, ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda. Jalada la ngozi limelainika hadi limekuwa kama sikio la mtu. Pembe za kurasa zimekuwa kahawia pale panaposhikwa na kidole gumba, na kuna matone ya nta ya mshumaa yaliyoganda juu ya maandishi. Alipokuwa akinionyesha hakutazama maneno. Alikuwa anasoma kwa moyo, kidole kinafuata mstari kwa mazoea tu, na alipofika penye tone la nta akaliruka bila kukosea neno. Nilimkumbuka nyanya yangu na maulidi.

Mjini Rēzekne, kwenye barabara kuu, kuna sanamu ya mwanamke aliyeinua msalaba. Wenyeji waiita Latgales Māra. Iliwekwa kukumbuka mkutano wa mwaka 1917, ambapo wajumbe wa Latgale walikutana mji huuhuu na kuamua kuungana na Walatvia wengine, kwa sharti kwamba lugha yao, shule zao na kanisa lao viheshimiwe. Padre Francis Trasuns alikuwa mstari wa mbele. Chini ya sanamu pameandikwa "Vienoti Latvijai", tumeungana kwa ajili ya Latvia. Ilizinduliwa 1939. Wasovieti wakaiondoa 1940. Ikarudishwa 1943, ikaondolewa tena 1950, na mahali pake akasimamishwa Lenin. Sanamu ya leo ilizinduliwa Agosti 1992, na aliyeitengeneza ni Andrejs Jansons, mtoto wa mchongaji wa ile ya kwanza, Kārlis Jansons. Baba alichonga, ikabomolewa. Mwana akachonga upya. Nilisimama pale kwenye baridi nikawa naizunguka tu.

Lakini niseme na upande wa pili, maana wenyewe waliniambia bila kuficha. Sharti la 1917 halikuheshimiwa vilivyo. Baada ya waziri mkuu Kārlis Ulmanis kutwaa madaraka yote mwaka 1934, Kilatgale kiliondolewa shuleni na maofisini kwa hoja ya umoja wa taifa. Si mgeni aliyefanya hivyo. Ni ndugu. Nami nikakumbuka kwamba mwaka 1928 ilikuwa Mombasa, mji wangu mwenyewe, palipofanyika mkutano ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lugha aliyotungia mashairi Muyaka bin Haji, kikaambiwa kikae nyumbani. Sipingi usanifu. Ninaandika kwa Kiswahili sanifu sasa hivi ili msomaji wa Bukavu na wa Maskati anielewe sawasawa. Ninachopinga ni wino mwekundu.

Watu huniuliza: Kilatgale ni lugha au ni lahaja? Swali hilo nimelichoka. Sheria ya lugha ya Latvia ya mwaka 1999 inakitaja Kilatgale kilichoandikwa kuwa ni aina ya kihistoria ya Kilatvia, na inasema dola itakihifadhi na kukikuza. Wapo wataalamu wanaokiita lugha kamili. Katika sensa ya 2011 watu wapatao 164,500, karibu asilimia 8.8, walisema wanakitumia kila siku. Hao 164,500 hawangoji jibu la swali langu ndipo waitane kula.

Agosti ile nyanya alinichukua Aglona. Kila tarehe 15 Agosti Wakatoliki huja hapo kwa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, wengine kwa miguu, wametembea siku nyingi, msalaba mbele na mabegi mgongoni. Kanisa ni jeupe kabisa, minara miwili ya mita 60, liko kati ya maziwa mawili, na ukilitazama kutoka mbali laonekana kama limetiwa nanga. Watawa wa Kidominika walifika mwaka 1700. Jengo la leo lilijengwa katika nusu ya pili ya karne ile ya 18. Papa Yohane Paulo II alikuja 1993, Papa Fransisko 2018. Mimi ni Muislamu, na nilikuwa na wasiwasi na mtandio wangu katikati ya maelfu ya watu. Nyanya aliniwekea kiti cha kukunja chini ya mti akaniambia nimlindie kikapu chake. Wanawake watatu nisiowajua walipita kwa nyakati tofauti, na kila mmoja akaniwekea tofaa mapajani. Usiku walipofanya njia ya msalaba na mishumaa, nilisikia maombi yakipita kwa lugha ile ambayo Riga wenzake rafiki yangu waliicheka, watoto na wazee pamoja, uwanja mzima. Hapo nikafahamu lugha hii ilijificha wapi serikali zote zilipoifukuza. Ilikaa kanisani na ikakaa jikoni.

Nilimtembelea pia mfinyanzi. Latgale inajulikana sana kwa vyungu, na vilivyonivuta ni vile vyeusi visivyo na rangi ya kupaka. Vyungu vikishaiva tanuuni, wao hutia kuni zenye utomvu, kisha huziba kila tundu. Moto unakosa hewa, moshi hauna pa kutokea, unaingia ndani ya udongo wenyewe. Baada ya tanuri kupoa chungu kinatoka cheusi ti, na ukikikwaruza ni cheusi hadi ndani. Mfinyanzi alinipa kimoja nikishike. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotazamia na kilinuka moshi kama vyungu vya pwani kwetu. Kipo kikundi cha wafinyanzi kinachojiita Pūdnīku skūla, shule ya wafinyanzi. Kwa Kilatvia cha Riga ingekuwa Podnieku skola. Jina lile nililisoma na kanuni zote mbili nikazitambua palepale, nikalisema kwa sauti, na mzee wa watu akaacha gurudumu lake lizunguke tupu, akanitazama.

Rēzekne kuna ukumbi mpya wa muziki uliofunguliwa 2013, wauita GORS, Ubalozi wa Latgale. Gors ni roho, na pia ni mvuke wa bafu la moto. Riga wangesema gars. Kuandika neno la kwenu kwa herufi kubwa juu ya jengo la namna ile, mimi naona ni jambo zito.

Daugavpils tulipita siku moja tu, na haikutosha. Ni mji mkubwa wa eneo hili, na mitaani utasikia Kirusi zaidi. Ndani ya ngome yake, iliyoanza kujengwa 1810, kuna makumbusho ya Mark Rothko, mchoraji aliyezaliwa mji huo mwaka 1903 katika familia ya Kiyahudi na kupelekwa Marekani mwaka 1913. Mwishoni mwa karne ya 19 karibu nusu ya wakazi wa mji ule walikuwa Wayahudi. Vita vya Pili vya Dunia karibu viliwamaliza. Ludza limebaki sinagogi la mbao, limekarabatiwa, safi, limenyamaza. Latgale pia ina vijiji vya Warusi wa Imani ya Kale waliokimbia mateso ya kidini nchini mwao karne ya 17. Nayataja haya kwa sababu mwanzoni nilidhani nimeikuta sehemu ya watu wa aina moja na lugha moja iliyoonewa. Jirani wa nyanya ni bibi wa Kirusi. Wamezungumza kwa miaka hamsini, huyu kwa Kilatgale, yule kwa Kirusi, juu ya uzio uleule.

Nilirudi mwezi Mei mwaka uliofuata, na safari hii sikusema Labrīt.

Mwezi Mei, jioni, wanawake hukusanyika penye msalaba wa kijiji ulioko kando ya barabara na kuimba nyimbo za Maria. Misalaba hiyo ni ya mbao, mirefu, imezungushiwa uzio mdogo na maua. Tulikuwa watu tisa, wengi wao wazee, na msichana mmoja aliyekuja na baiskeli. Hakuna padre. Mmoja huanzisha, wengine hupokea, na sauti yao ni kavu, haijapambwa, inakwenda juu ya mashamba yaliyolimwa hadi kwenye msitu na kurudi. Mbu walikuwa wengi. Nyanya aliimba akiwa ameshika mkono wangu, na kila mwisho wa ubeti alikuwa akiubana kidogo.

Tulipokuwa tukirudi aliniuliza kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniuliza Latvia. Wengi huniomba niseme kitu kwa Kiswahili. Yeye, kupitia kwa mjukuu wake, aliniuliza: na nyinyi kwenu mwaongea kama kwenye redio, au mna ya kwenu?

Nikasimama ndiani. Nikamwambia ya kwetu iko. Akataka kusikia. Nikamwonyesha macho, nikamwambia mato. Nikamwonyesha kichwa, nikamwambia kitwa. Nikamwonyesha tulipokanyaga, ndia. Aliyarudia yote matatu, na ndia aliisema vizuri mara ya kwanza. Ulimi wangu ndio uliokuwa mzito. Miaka mingapi sijalisema neno lile mbele ya mtu?

Usiku ule nilimpigia nyanya yangu Kibokoni. Nilimwambia nataka kila Ijumaa baada ya swala aniambie maneno, nami niandike. Alidhani nimefilisika, kwamba nazunguka kabla ya kuomba pesa. Sasa ni mwaka wa pili. Nina daftari tatu, safu mbili kila ukurasa, na safu ya kushoto ndiyo ya kwetu. Nimeandika majina ya upepo aliyoyapata kwa babake baharini, majina ya vyombo vya jikoni ambavyo havitengenezwi tena, na maneno anayoyasema tu akikasirika. Huandika kwa mkono, sijui kwa nini nahisi ni lazima iwe kwa mkono. Ijumaa iliyopita nilimwuliza mchele, akanisahihisha, "Mtele." Nikamwomba alirudie ili nisikie vizuri. Akateka sana kule upande wa pili.

"Waniuliza mtele," akasema, "na uliula kwangu miaka kumi na minane?"